Mwenyeji wa Kwanza wa Wembani

Hapo zamani, enzi za watu ambao makaburi yao yamebaki na majina yao yamekwenda, palikuwa na ufalme mmoja wa pwani uitwao Wembani. Ufalme huu ulikaa juu ya rasi nyembamba kama ulimi: upande huu bahari kuu, upande ule mkono wa bahari wenye mikoko, na nyuma yake shingo ya mchanga iliyouunganisha na bara. Maji yakijaa, shingo ile ilizama na Wembani ikawa kisiwa. Maji yakitoka, ikawa bara tena. Basi watu wake walikuwa wa kisiwani asubuhi na wa bara jioni, na mtoza ushuru wa Sultani, kwa uaminifu wake mkubwa, aliwatoza kwa yote mawili.

Kaskazini mwa rasi ulikuwapo Mji Mkuu, wenye nyumba za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na visima vingi vya kupendeza ambavyo maji yake hayakunyweka kwa chumvi. Kusini ulikuwapo mtaa wa Mtomondo, wenye nyumba za udongo na makuti, mashamba ya mtama, na kisima kimoja tu, nacho kilikuwa cha maji matamu. Ikawa Mji Mkuu wote, kuanzia Sultani hadi paka wake, ukinywa Mtomondo. Na wakiisha kunywa hujifuta midomo wakawacheka watu wa Mtomondo kwa ushamba wao.

Aliyetawala zama hizo ni Sultani Fumo Mabruki, mtu mnene wa mwili na mnene zaidi wa nasaba. Nasaba hiyo hakuzaliwa nayo yote. Nyingine alikuwa akiongezewa. Alikuwako barazani mwake mjuzi wa nasaba, jina lake Burhani, ambaye kila baada ya mavuno humzidishia Sultani babu mmoja au wawili wa heshima, na Sultani naye humzidishia Burhani mbuzi. Hivyo mababu wakaongezeka na mbuzi wakaongezeka, wala hakuna aliyelalamika ila wenye mbuzi.

Na katika mtaa wa Mtomondo alikuwako mtu mmoja aitwaye Kibwana, ambaye ubwana wote aliokuwa nao ulikuwa katika jina hilo. Nyumba yake ilikuwa na paa upande mmoja. Upande wa pili alisema ameuacha wazi apate kutazama nyota, ijapokuwa mvua nayo ilikuwa ikiingia kutazama pamoja naye. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria. Alihudhuria harusi, akahudhuria matanga, na hasa alihudhuria baraza ya Sultani siku za karamu, kwani kwa desturi ya Wembani mlango wa baraza haufungwi siku hizo, na asiye na mahali hukaa penye viatu. Kibwana alikuwa amekaa penye viatu muda mrefu hata akaweza kumtambua kila mkubwa wa nchi kwa makubadhi yake bila ya kuinua kichwa. Watu wakamwita mpumbavu, naye hakuwakatalia, maana mpumbavu haombwi mchango.

Basi ikatokea akaja mgeni kutoka ng'ambo, mzee mwembamba mwenye macho matulivu, jina lake Bwana Firuzi. Alikuwa ametumwa na mfalme wake azunguke nchi za pwani akaulize kila mahali maneno mawili: nchi hii imekaaje, na nani aliyeianza? Sultani akafurahi furaha kubwa. Akachinja, akapika, akawaita wakubwa wote. Na Kibwana, kwa kuwa hakuitwa, akawahi kuliko wote.

Walipokwisha kula, Sultani akanena, "Burhani, mweleze mgeni wetu asili ya Wembani."

Burhani akasimama, akakohoa kikohozi cha mtu anayejua kuna mbuzi mbele yake, akasema, "Ewe mgeni, jua ya kuwa babu wa Sultani wetu ni Sultani Rustamu, simba wa simba, aliyeng'oa nanga katika bandari ya Shirazi na merikebu zisizohesabika."

Bwana Firuzi akasema kwa upole, "Shirazi nimefika. Kutoka hapo hadi baharini ni mwendo wa siku nyingi kwa ngamia, na milima katikati."

"Enzi hizo bahari ilikuwa karibu," akajibu Burhani bila ya kupepesa.

"Alaa," akasema mgeni. "Na katika merikebu hizo walikuwamo wake zao na watoto?"

"Hasha! Wanaume watupu, mashujaa wa vita. Shujaa haburuti wanawake nyuma yake. Hata walipofika hapa waliikuta nchi hii ni tupu, haina mtu, ila nyani tu wakirukaruka juu ya miti. Sultani Rustamu akachomeka mkuki wake, akasema, 'Hapa ni petu.' Wala hakuna aliyembishia."

"Nyani hawakubisha?"

"Hawakubisha."

Bwana Firuzi akageuka akatazama dirishani, upande wa kusini, ambako moshi wa mapishi ya Mtomondo ulikuwa ukipanda. "Na wale watu wa kule, wenye kisima?"

Sasa kwa kweli kila mtoto wa Wembani alijua ya kuwa watu wa Mtomondo ndio wenyeji wa asili, na kwamba ndio waliompokea huyo Rustamu, ikiwa alikuwako, akiwa na kiu na nguo moja. Lakini Burhani alikuwa amekwisha kusema nchi tupu, na neno la mjuzi likitoka halirudi ila kwa aibu. Akanena, "Wale? Wale walikuja baadaye, kuomba hifadhi. Ni wageni."

Sultani akapiga paja lake. Maisha yake yote alikuwa akiudhika kwamba maji anywayo ni ya watu wengine, na kumbe dawa ilikuwa rahisi namna hii! Papo hapo akaamuru siwa ipigwe mtaani na mpiga mbiu atangaze: "Nchi ya Wembani ilikuwa tupu. Sultani Rustamu alipofika hapakuwa na mtu, ila nyani. Watu wa Mtomondo ni wageni, na mgeni hana ardhi wala kisima. Kuanzia Ijumaa ijayo kisima ni cha Sultani, na asiyetaka kununua maji na avuke shingo ya mchanga aende zake bara. Na atakayenena kwamba hapo kale palikuwa na watu, atakatwa ulimi."

Kibwana pale penye viatu aliacha kutafuna. Wali uliokuwa kinywani mwake ukageuka mchanga. Alikuwa amezoea kuchekwa, na kuchekwa hakumnyimi mtu usingizi. Lakini katika kisima kile ndimo mama yake alimochota maji ya kwanza ya kumwogesha, na pembeni mwake ndipo mama huyo alipozikwa. Akainuka, akatoka bila ya kuaga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaacha chakula kwenye sinia.

Alipofika Mtomondo akakuta wanawake wamekaa kisimani wakilia, na wazee wamesimama wakishauriana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mzee mmoja alisema waende kumlilia Sultani. Wa pili alisema wahame kabla ya kufukuzwa, ndiyo heshima. Wa tatu alisema wasubiri, pengine Sultani atakufa.

"Nitumeni mimi," akasema Kibwana.

Wakamtazama. "Tumtume mpumbavu?" akauliza mzee wa kwanza.

Mzee wa pili akafikiri, akasema, "Kwa nini tusimtume? Ulimi ukikatwa, bora uwe ule tusioutegemea."

Basi wakampa baraka zao kwa roho safi.

Kesho yake Kibwana akaenda barazani, akamkuta Sultani ameketi na Bwana Firuzi na wakubwa. Akainama hata kilemba chake, ambacho kilikuwa zaidi matundu kuliko kitambaa, kikagusa sakafu. Akanena, "Nashika miguu yako, bwana wangu. Wazee wa Mtomondo wamenituma nikuombe uwaonee huruma. Wao huko kwao walidhani ni wenyeji."

"Walidhani!" akacheka Sultani, na wakubwa wakacheka, kwani huko Wembani kicheko cha Sultani kilikuwa wajibu wa kila mwenye kutaka kula jioni. Kisha Sultani akamwona mgeni hacheki, akaona vema aonekane mwenye haki. Akanena, "Sikiliza, Kibwana. Mimi si dhalimu. Leo ni Jumatatu. Ijumaa baada ya sala, niletee hapa mwenyeji wa nchi hii, wa ukoo uliokuwapo kabla ya babu yangu Rustamu. Nikimwona amesimama mbele yangu, naapa mbele ya mgeni huyu: nitashuka katika kiti changu, nitampa shikamoo kwa kinywa changu, na kisima na mashamba nitamwachia yeye na majirani zake milele. Usipomleta, Mtomondo wote na wavuke. Lakini tahadhari! Ukiniletea mtu ukanena kwamba ndiye, umeikana amri yangu, nami nitaukata ulimi wako na wake."

"Hukumu ya haki!" wakapiga kelele wakubwa. "Hukumu ya mizani!"

Kibwana akainama tena. "Bwana wangu, nataka nisikosee, kwa kuwa akili yangu ni ndogo. Nilete mwenyeji wa kale, ila asiwe mtu?"

"Naam!" akasema Sultani, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ndivyo hivyo hasa!"

"Nimesikia na kutii," akasema Kibwana.

Alipotoka, Burhani akamwambia Sultani sikioni, "Masikini, ameelewa kinyume." Sultani akajibu, "Mpumbavu ameelewa sawasawa, ndiyo maana anakwenda kichwa chini."

Kibwana akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mkewe, Somoe, ambaye ndiye aliyekuwa akichota maji na kuyauza ili nyumba ile yenye nusu paa iwe angalau na chakula kizima. Somoe alikuwa na nyani. Alimwokota shambani akiwa mchanga, mama yake amepigwa na walinzi wa mtama, akamlea kwa uji. Akawa mkubwa, mwenye kifua kipana na uso wa mtu aliyedhulumiwa mirathi. Somoe alimwita Mzuri, wala hapakuwa na kiumbe Mtomondo aliyethubutu kumwita vinginevyo. Kibwana alimwita shemeji.

"Mke wangu," akasema, "Ijumaa nina haja na shemeji yangu."

"Haja gani?"

"Nataka nimpeleke kwa Sultani."

Somoe akauweka mtungi chini polepole. "Wewe mume wangu, mimi nimevumilia mengi. Nimevumilia mvua chumbani. Lakini Mzuri hachinjwi kwa ajili ya karamu ya yule mlafi."

"Hachinjwi. Anakwenda kupewa shikamoo."

Akamweleza yote. Somoe akamsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Na Sultani akikasirika?"

"Akikasirika nitakatwa ulimi."

"Basi nyumba itapata utulivu," akasema Somoe. Lakini jioni ile akampikia mumewe samaki aliyekuwa amemweka kwa ajili ya kuuza. Kibwana alipomwona yule samaki ndipo naye akaogopa kwa kweli.

Hata Ijumaa ikafika, watu wakatoka msikitini wakajaa barazani hata madirishani. Sultani ameketi kitini, mbele yake sinia la halua. Kuliani kwake Bwana Firuzi, kushotoni kwake Burhani, ambaye ndevu zake alikuwa amezitia hina mpya kwa ajili ya siku hiyo. Mara njia ikapasuka kati ya watu, akaingia Kibwana ameshikana mkono na nyani. Nyani amefungwa kilemba cheupe, amevikwa kikoi kiunoni, anatembea kwa makini kama mkwe anayekwenda kuposa. Nyuma yao akaja Somoe na mtungi wake kichwani, kwa kuwa alisema popote aendapo Mzuri yeye yupo.

"Bwana wangu," akanena Kibwana, "mwenyeji nimemleta."

Baraza lote likapiga kicheko. Sultani akacheka akakohoa, akasema, "Mpumbavu wee! Huyu si nyani?"

"Ndiye, bwana wangu. Amri yako imenena kwamba babu yako alipofika hapakuwa na mtu, ila nyani. Mimi sina elimu ya kuipinda amri. Nimeifuata kama ilivyotangazwa. Huyu ni wa ukoo uliokuwapo kabla ya Sultani Rustamu, wala si mtu. Sasa tunangoja shikamoo."

Kicheko kikapungua. Wale waliokuwa mbele wakaanza kutazama miguu yao. Sultani akasema, "Unanidhihaki?"

"Hasha, bwana wangu! Shikamoo uliiahidi wewe, mimi sikuiomba. Lakini kabla hujampa, niruhusu nimuulize mjuzi wako neno moja, ili tujue aitikie kama nani wako. Mwalimu Burhani, Sultani Rustamu alipokuja, chomboni mlikuwamo mwanamke?"

"Nimekwisha kusema, wanaume watupu," akajibu Burhani kwa dharau.

"Na baada ya kukaa hapa alirudi kwao kuoa?"

"Kurudi? Aliufanya huu kuwa mji wake, hakuuacha hata siku moja. Hapa ndipo alipooa, hapa ndipo alipozaa wana, na katika wana hao ndimo alimotoka—"

Uso wa Burhani ukawa kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Bwana Firuzi, ambaye siku zote hizo alikuwa hajacheka, akainama mbele akauliza kwa upole ule ule, "Alioa nani?"

Nzi alisikika juu ya halua.

"Mimi sisemi palikuwa na mtu," akasema Kibwana. "Ulimi wangu ni mbaya, lakini nimeuzoea. Amri imesema palikuwa na nyani peke yao, na Sultani Rustamu alioa hapa hapa, na katika ndoa hiyo njema ndimo ulimotoka wewe, bwana wangu. Basi ukoo wa bibi yako mkuu ndio huu." Akamsogeza nyani mbele kwa heshima. "Mpe shikamoo mjomba wako."

Nyani, ambaye tangu alipoingia alikuwa na macho yake katika lile sinia, akakiendea kiti kwa utaratibu, akachota halua kwa mkono mzima, akaitia kinywani. Walinzi wakanyanyua mikuki.

"Mwacheni!" akasema Kibwana. "Tangu lini mjomba akaomba ruhusa kula cha mpwawe?"

Hapo kijana mmoja dirishani akashindwa kujizuia, akapasuka. Na kicheko cha mmoja barazani ni kama moto wa makuti. Nyani akamaliza halua, akatazama huku na huku atafute mahali pa kupangusa vidole, akaziona zile ndevu za hina. Akamrukia Burhani mapajani, akazipangusia vidole, kisha akazipasua katikati akaanza kuzipekua unywele mmoja mmoja kwa bidii.

"Mwondoeni!" akalia Burhani. "Anafanya nini?"

"Anatafuta nasaba, mwalimu," akasema Kibwana. "Tulia, huyu hana haja ya mbuzi."

Sultani Fumo Mabruki hakucheka. Alitazama wakubwa wake, ambao walikuwa wakiuma vilemba vyao. Akamtazama mgeni, ambaye kesho angeondoka na habari hizi hadi kwenye nchi ambazo hata Burhani hajapata kuzitaja. Akaona njia ziko mbili tu: ama Mtomondo walikuwako watu, ama yeye ni mpwa wa huyo aliyekula halua yake. Akanena kwa sauti ndogo, "Burhani. Hebu fikiri vizuri. Palikuwa na watu, au hapakuwa na watu?"

"Bwana wangu," akasema Burhani, mikono ya nyani ikiwa masikioni mwake, "sasa nakumbuka. Palikuwa na watu."

"Wengi?"

"Wengi mno! Wema, wakarimu! Walimpokea kwa maji, wakamwoza binti wa mkubwa wao wa Mtomondo. Alikuwa mzuri ajabu, uso wake mfano wa—"

"Mwalimu, tahadhari!" akapiga kelele Kibwana. "Anenaye hayo hukatwa ulimi! Mpiga mbiu ametangaza!"

Burhani akafunika kinywa chake kwa mikono miwili. Na hapo ndipo Sultani aliposhindwa. Tumbo lake likaanza kutikisika, likatikisa joho, likatikisa kiti. Akacheka hata akashika mkono wa Bwana Firuzi asianguke, na Bwana Firuzi naye akacheka, mzee yule, hata machozi yakafuata mikunjo ya uso wake.

Alipopata pumzi akanena, "Amri imefutwa. Ulimi wa Burhani na ubaki, ila kuanzia kesho na uende Mtomondo pamoja naye, ukae kisimani mwaka mzima, uwaulize wazee majina ya wazee wao, na uyashike kama ulivyoshika ya kwangu. Kisima na mashamba ni ya wenyewe. Kibwana, wewe utakaa karibu nami barazani, usikae tena penye viatu."

"Bwana wangu," akasema Kibwana, "karibu nawe sitasikia vizuri. Pale penye viatu ndipo watu wanaposema kweli. Ila ukitaka kunipa kitu, nipe makuti ya upande mmoja wa nyumba."

Wakubwa wakadhani mambo yamekwisha, wakaanza kutafuta makubadhi yao. Lakini Bwana Firuzi akasema, "Ewe Sultani, uliapa mbele yangu. Mwenyeji akisimama mbele yako utashuka."

Sultani akaangaza macho. Katika watu wote waliojaa barazani, wa Mtomondo, kwa kuwa wengine walibaki kufunga mizigo, walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa mpumbavu wake. Wa pili alikuwa Somoe, amesimama na mtungi wake, kanda mbili za ukili mikononi kwa kumfungia nyani njiani. Ikambidi Sultani ashuke. Akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, mtu yule mnene ambaye tangu kuzaliwa hakuna aliyemwona akimtangulia mtu kwa salamu, akasimama mbele ya yule mwanamke, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Somoe hakufanya haraka. Akautua mtungi chini, akauweka sawa upindo wa nguo yake, akamtazama Sultani kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu, kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka michezoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu kwetu."

Hekaya imekomea hapo. Mwenye kuiona tamu na awape jirani zake. Mwenye kuiona chungu na ajitazame nasaba.